Dohani Inarudisha Moshi, Inavuja au Inanguruma: Tafuta Chanzo Kabla ya Kubomoa

Baridi ya Juni ikishaingia Limuru, Kinangop, Kericho, Njombe, Mufindi na Lushoto, malalamiko kuhusu meko ya sebuleni huwa ni yale yale: moshi umejaa chumbani, ukuta unatoa maji, kuna kitu kinavuma huko juu. Na ushauri wa kwanza anaopewa mwenye nyumba mara nyingi ni wa gharama: bomoa, jenga upya, ongeza urefu. Kwa nyumba nyingi huko ni kuanzia mwisho. Dohani huvuta kwa sababu hewa iliyomo ndani yake ina joto kuliko ya nje, na kwa sababu kuna hewa nyingine inayoingia chumbani kushika nafasi ya ile iliyopanda. Kuni mbichi zinaiba joto hilo. Nyumba iliyozibwa kila tundu inanyima hewa. Ndiyo maana hapa tunaanza na kuni na madirisha, matofali yanafuata baadaye.

Ila zipo dalili mbili ambazo hazina muda wa kuchunguzwa. Ukiziona, watu watoke kwanza.

## Ngurumo ndani ya dohani, cheche zinaruka juu ya paa

Hapo dohani yenyewe inaungua. Masizi yenye utomvu yaliyoganda kwenye kuta zake za ndani yameshika moto, na joto lake laweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Utasikia mvumo mzito usiokatika kama lori linalopanda mlima, wakati mwingine na milio ya kupasuka. Nje utaona moshi mzito au miali kileleni.

Toa watu wote nje, kisha piga simu zimamoto: Kenya ni 999 au 112, Tanzania ni 114. Kama bado ni salama kusogea, funga milango ya kioo au vipenyo vya hewa vya meko ili moto ukose pumzi, na umwagie moto wa chini mchanga mkavu au poda ya kizimamoto. Maji usimwage kabisa. Yakigusa matofali yenye joto la namna hiyo yanapasua ukuta wa ndani, na mvuke wake unarudi usoni mwako. Kama paa ni la vigae vya mbao, mtu mwenye mpira wa maji aloweshe paa akiwa amesimama chini, asielekeze maji kwenye dohani.

Moto ukizimika wenyewe, usiseme yamekwisha. Ufa mmoja uliofunguka siku hiyo unatosha kupitisha moto hadi kwenye mbao za dari safari ijayo. Usiwashe tena mpaka fundi akague dohani yote, na darini pia.

## Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, na moto unawaka vizuri tu

Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta hulegea, huchanganyikiwa, husinzia. Watu wawili chumbani wakiumwa kichwa kwa pamoja, au mtu akipata nafuu kila atokapo nje, usijadili. Fungua milango, toka, mpeleke hospitali aliyelegea na uwaambie kuna moto uliokuwa ukiwaka ndani.

Chanzo cha kawaida kabisa, tena kinachoua kila msimu wa baridi, si dohani. Ni jiko la makaa lililoingizwa chumbani usiku na mlango kufungwa. Makaa yaliyoiva hayatoi moshi wa kuonekana, kwa hiyo watu hudhani yako salama. Hayako salama. Chanzo kinachofuata ni kufunga kilango cha moshi, lile bamba la chuma juu ya meko, ili joto lisipotee wakati kaa bado ni jekundu. Kifunge asubuhi, majivu yakiwa baridi mkononi. Cha tatu ni dohani iliyoziba. Kitambuzi cha kaboni monoksaidi kinachotumia betri hupatikana mijini na kwenye maduka ya mtandaoni. Kiweke karibu na vyumba vya kulala. Ningependa kila nyumba yenye meko inunue hicho kabla ya kununua zulia.

## Moshi unarudi sebuleni

Hili ndilo lalamiko kuu. Jiulize kwanza: unarudi lini?

Dakika za mwanzo tu, kisha unapanda. Dohani imejaa hewa baridi, nzito, iliyotuama humo usiku kucha. Huwapata zaidi wenye dohani iliyojengwa nje ya ukuta, pande tatu zikipigwa na upepo. Fungua kilango cha moshi mapema, sokota gazeti, liwashe, ulishike juu kabisa ndani ya meko chini ya koo la dohani, pale njia inapobana juu ya moto, mpaka uone moshi wake unavutwa. Kisha anza na vijiti vikavu, magogo baadaye. Gazeti nalo likikurudishia moshi, fungua dirisha la upande upepo unakotokea, ujaribu tena.

Muda wote, na moto unafukuta. Fuata mpangilio huu, kwa kuwa ndivyo sababu zinavyopishana kwa wingi.

*Kuni mbichi.* Gogo lililokatwa karibuni laweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na kuni za ndani zinatakiwa kuwa chini ya asilimia 20. Mkaratusi hudanganya wengi: nje umekauka, ndani bado umelowa, na gogo lisilopasuliwa huweza kukaa hivyo zaidi ya mwaka. Pasua mapema, panga juu ya mawe au mbao ili zisiguse udongo, funika juu tu na uache pembeni wazi, zikae miezi sita hadi mwaka. Gonganisha vipande viwili: kuni kavu hulia kwa ukali, mbichi hutoa kishindo butu. Ukiona povu linatoka kwenye ncha wakati gogo linaungua, unachemsha maji, huoti moto. Muwati uliokauka na visiki vya chai vilivyong'olewa ni kuni nzuri sana. Paini inalaumiwa kwamba ndiyo inayochafua dohani, lakini kosa kubwa ni ubichi wake. Ikikauka hufaa kuwashia, ila inarusha cheche, kwa hiyo weka wavu mbele ya meko.

*Kilango cha moshi hakijafunguka chote.* Kutu hukizuia katikati. Ingiza tochi, angalia kwa macho, usiuamini mkono wa kukifungulia.

*Nyumba imezibwa.* Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Nyumba ya zamani ilikuwa na nyufa za madirisha ya mbao na nafasi chini ya milango, na dohani ilikunywa hewa humo. Mwenye nyumba anaweka madirisha ya alumini, dari ya jipsamu na feni ya kutoa moshi jikoni, kisha anashangaa meko yaliyofanya kazi tangu enzi za babu yameharibika. Zima feni. Fungua dirisha lililo karibu na meko kwa upana wa vidole viwili. Moshi ukikoma ndani ya dakika chache, dohani haina kosa: toboa tundu la kudumu la hewa lenye wavu karibu na meko, na kazi imekwisha.

*Kuna kitu kimeziba.* Mchana, moto ukiwa baridi, ingiza kioo kidogo na tochi uangalie juu. Kama dohani imenyooka unapaswa kuona anga. Usipoiona, kuna kiota, majani, tofali lililoanguka, au wavu wa kofia inayofunika kilele cha dohani umejaa masizi.

*Vipimo vilikosewa tangu ujenzi.* Eneo la njia ya moshi lisipungue moja ya kumi ya eneo la mdomo wa meko. Mdomo wa sentimita 90 kwa 75 una sentimita za mraba 6,750, kwa hiyo unahitaji njia ya 675, yaani takriban 26 kwa 26. Sasa angalia nyumba ngapi mpya zina mdomo mpana wa kupendeza wageni, juu yake limewekwa bomba la duara la inchi nane. Bomba hilo lina kama 320 tu. Haliwezi. Kuna jaribio rahisi: shika kipande cha bati kwa glavu, ukibane juu ya mdomo wa meko, ukiteremshe polepole moto ukiwaka. Moshi utakapoacha kutoka, weka alama. Huo ndio urefu wa bamba ambalo fundi atafunga kupunguza mdomo, na ni kazi ndogo mno ukilinganisha na kujenga dohani upya.

Kina cha meko nacho kina neno. Mwanasayansi Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, alionyesha mwaka 1796 kwamba meko yenye kina kifupi, pande zilizotanuka kuelekea chumbani na koo jembamba la inchi nne hivi hutoa joto zaidi na moshi kidogo. Waashi wazuri bado wanafuata hilo. Meko yenye kina kirefu na koo pana hupasha joto mawingu.

Na sisi wa milimani tuna jambo letu. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani, na mvuto wa dohani hupungua vivyo hivyo. Ramani iliyonakiliwa kutoka nchi ya tambarare itavuta kwa unyonge huku juu. Ukijenga, ongeza urefu tangu mwanzo.

Siku za upepo tu. Kilele ni kifupi, au miti imekua. Dohani inatakiwa ipande angalau sentimita 90 juu ya pale inapotokea kwenye paa, tena izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu kutoka kwake. Mikaratusi iliyopandwa karibu na ua ikipita kimo cha paa husukuma upepo chini. Kofia ya kuzuia upepo au nyongeza ya bomba husaidia. Kuipanda dohani ni kazi ya fundi mwenye kamba na ngazi ya paa.

## Masizi yanayong'aa, harufu ya lami mvua ikinyesha

Kwaruza ukuta wa ndani kwa msumari mrefu. Vumbi jeusi laini hutoka kwa brashi. Magamba yanayovunjika hutoka kwa brashi ngumu na jasho. Lakini ukikuta tabaka gumu, jeusi, linalong'aa na lisilokwaruzika, acha. Hilo ndilo linalolipuka kuwa moto wa dohani, na kulipigapiga kwa chuma kutavunja bomba la ndani. Masizi ya aina yoyote yakifikia unene wa milimita tatu, usiwashe moto kabla ya kusafisha.

Chanzo cha kwanza, tena kuni mbichi. Cha pili ni ile tabia ya kubana hewa usiku ili gogo lifukute hadi asubuhi: moshi unapanda polepole, unapoa chini ya nyuzi 120 hivi, na utomvu wake unaganda ukutani. Moto mdogo mchangamfu ni salama kuliko mkubwa unaofukuta. Cha tatu ni njia ya moshi pana kupita kiasi, ambayo haipati joto hata siku moja.

Safisha mara moja kwa mwaka, Aprili au Mei. Anayewasha karibu mwaka mzima asafishe mara mbili. Funika mdomo wa meko kwa turubai, vaa barakoa na miwani, tumia brashi inayolingana na njia ya moshi. Wengi hushusha gunia la nyasi lenye jiwe kwa kamba. Linatoa masizi, ni kweli, lakini jiwe likigonga bomba la udongo linaacha ufa ambao hutauona. Afadhali brashi iliyofungwa kamba pande zote mbili, mmoja juu, mmoja chini, mkivutana. Juu ya mabati yaliyolowa umande asipande mtu.

Majivu yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta wa mbao. Kaa lililozikwa ndani ya majivu hubaki hai zaidi ya siku moja.

Na tafadhali, vipande vya nguzo za umeme na mbao zenye rangi ya kijani kibichi ya dawa visiingie mekoni. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake ni sumu, majivu yake ni sumu zaidi, na kuna watu huyamwaga kwenye bustani ya sukuma wiki.

## Ukuta wa dohani unatoa maji

Dohani isiyo na kofia ni shimo wazi kwa mvua ya masika. Anzia hapo. Kama kofia ipo, angalia bati linalounganisha dohani na paa. Mafundi wengi hupaka lami pembeni wakaondoka, na jua huipasua misimu michache baadaye. Bati lile linatakiwa likunjwe na kuchomekwa ndani ya viungo vya matofali, kisha vizibwe. Baada ya hapo kagua saruji ya kileleni, kama ina nyufa.

Kupata mahali penyewe, mtu mmoja akae darini na tochi, mwingine amwagie dohani maji kwa mpira akianzia chini, dakika kadhaa kila sehemu, akipanda taratibu. Ukianzia juu utalowesha kila kitu usijue palipovuja. Chumvichumvi nyeupe juu ya matofali inaonyesha maji yamekuwa yakipita kwa muda.

## Nyufa

Nyufa nyembamba ndani ya meko ni za kawaida. Zizibe kwa mota ya matofali ya moto. Saruji ya kawaida haihimili joto hilo, itabanduka. Lakini simamisha matumizi kabisa ukiona mojawapo ya haya: ufa unaoingiza sarafu, alama za masizi kwenye dohani ndani ya dari, ukuta wa chumba cha juu wenye joto usiloweza kuliwekea kiganja, au dohani iliyoinama. Kuinama hutokea sana penye udongo mweusi unaovimba na kusinyaa, na tiba yake iko kwenye msingi. Hapo ita mhandisi.

Nyumba za zamani za mashamba ya walowezi zina hatari yake: boriti za dari zilizojengwa zikigusa dohani. Mbao iliyopashwa joto miaka mingi hukauka ikawa tayari kushika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Kati ya dohani na mbao pawe na angalau sentimita tano.

## Mvumo, mikwaruzo, mlio wa ndege

Nyuki hupenda dohani isiyotumika. Usiwashe moto kuwafukuza. Nta na asali huyeyuka na kuungua, na kundi lenye hasira linashukia sebuleni. Funga kilango cha moshi, ziba mdomo wa meko kwa shuka zito, ita mfugaji nyuki aje jioni. Masega yaondolewe yote, la sivyo harufu italeta kundi jingine.

Ndege wakiwa na makinda, subiri yaruke, kisha weka kofia yenye wavu. Wavu wa ndege hauzuii nyuki, kwa hiyo dohani itakayokaa miezi bila moto izibwe juu, na kibao kining'inizwe mekoni: IMEZIBWA. Bila kibao hicho, mgeni mmoja mwenye kiberiti ataleta msiba.

## Ukimwita fundi

Huku kwetu anayekuja ni fundi mwashi, mara nyingi hodari wa kuta lakini hajawahi kujenga meko zaidi ya mara moja. Mwulize eneo la njia ya moshi atalipataje kutokana na mdomo. Mwulize hewa ya kuingia itatoka wapi. Asiye na jibu la hayo mawili asiguse dohani yako. Mwombe akuonyeshe meko aliyojenga yanayotumika, uongee na wenye nyumba.

Zuia sehemu ya malipo mpaka moto uwashwe mbele yenu wote, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, uwake saa nzima. Kama amejenga kwa saruji mpya, jaribio hilo lisubiri kama wiki nne ikauke, kisha uwashe moto mdogo wa vijiti siku kadhaa mfululizo, ukiongeza kidogo kidogo, kabla ya kuweka gogo la kwanza.